Gari la Dagaa la Kaka Yangu Verlyn

Siku aliyofariki kaka yangu Verlyn nilikuwa na unga mpaka viwikoni. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi, saa nane na robo mchana. Sisi wanawake wa usharika tulikuwa kwenye chumba cha chini ya kanisa tukisukuma lefse, chapati zetu za viazi, kwa ajili ya karamu ya mavuno. Simu ya ukutani ikalia. Aliyeipokea akasikiliza, akaniangalia, kisha akaninyooshea simu.

"Wifi Avis," sauti ikasema. Alikuwa LaDonna, mke wa Verlyn, na alizungumza kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kuazima chujio. "Njoo nyumbani. Verlyn haamki."

"Haamki vipi? Yuko wapi?"

"Kwenye gari."

"Mungu wangu! Amepata ajali?"

"Ajali ya wapi, wifi? Gari liko hapa uani. Baada ya kula alisema anakwenda kukipasha kitanda moto kwa ajili yangu. Nimemwita kwa kahawa mara tatu. Mara ya nne nikaenda mwenyewe. Amelala vizuri. Amevua hata viatu. Wewe unamjua, yule hajawahi kuvua viatu bila kuambiwa. Lakini haamki."

Daktari alisema ni moyo, na kwamba ulisimama akiwa usingizini. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mungu alimwita kati ya chakula cha mchana na kahawa, na mimi si wa kubishana na Mungu. Lakini katika sala zangu nimemweleza kwamba, kama ingewezekana, angemsubiri hadi Jumamosi. Maana kesho yake, Ijumaa, ndiyo ilikuwa siku ya LaDonna kulala ndani ya gari lile, na hilo ni jambo ambalo kaka yangu alilihangaikia kuliko jambo lolote maishani mwake.

Verlyn Tveit hakuwa mtu mkubwa. Kwa miaka thelathini na minne aliendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, na kanisani alipitisha sahani ya sadaka upande wa kushoto. Aliimba besi ambayo haikuwa besi wala kitu kingine. Kazi aliyoipenda ilikuwa moja tu, kujenga vibanda vya barafuni. Ziwa letu likiganda, kila mtu huburuta kibanda chake mpaka katikati, akakaa ndani na kuvua. Kuna jiko dogo, kuna vitanda vinavyoning'inia ukutani kwa minyororo, na sakafuni kuna matundu ya kushushia ndoano. Verlyn alijenga vibanda kumi na tisa, vyake na vya watu, na vyote vilifanana kama mayai.

Kibanda namba tatu ndicho kilichomponza. Yeye na LaDonna walifunga ndoa mwezi wa kwanza, na fungate akampeleka huko ziwani. Alitaka wawe peke yao, alisema. LaDonna alipokaa tu kitandani mnyororo ukakatika, kitanda kikashuka kwa kishindo, na kiatu chake cheupe cha harusi kikaruka, kikaingia kwenye tundu kama kimetumwa. Mpaka leo kimo ziwani. Bibi harusi alirudi kwa miguu juu ya barafu, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine umevaa glavu ya manyoya ya mume wake.

Tulikuwa sebuleni kwa mama yetu alipoingia. Hakuvua koti.

"Sikiliza, Verlyn," alisema mbele yetu sote. "Nimeapa kuishi na wewe mpaka kufa, na nitaishi. Lakini sitalala tena ndani ya kitu ulichokijenga kwa mikono yako."

Na hakulala. Kwa miaka arobaini na sita LaDonna alilala kitandani kwake kila siku, isipokuwa siku tatu alipokwenda hospitali kumzaa Kari, na hospitali ile hakuijenga Verlyn. Hata nyumba yao alikuwa mwangalifu kununua iliyojengwa na mtu mwingine.

Sasa huyu Kari, mtoto wao pekee, anaishi Montana. Mwaka jana, tulipokuwa sote tumeshaacha kumuuliza, akajifungua binti. Ubatizo ukapangwa Jumapili ya katikati ya mwezi wa kumi. LaDonna hapandi ndege. Hotelini halali, kwa sababu anaamini shuka za hotelini hazifuliwi, zinageuzwa tu. Na kutoka kwetu Minnesota hadi Montana, kwa mwendo wa Verlyn, ni siku mbili. Katikati ya siku mbili kuna usiku mmoja, na lazima mtu ajilaze mahali.

Mwezi wa tatu Verlyn alinunua gari. Lilikuwa refu, jeupe, la mzee mmoja aliyekuwa akisambaza dagaa hai wa chambo madukani kwa miaka kumi na mitano. Alilisimamisha uani akapiga honi. LaDonna akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Mimi nilikuwa nimekuja kurudisha bakuli, kwa hiyo niliona kila kitu.

"Nini hiki?"

"Nyumba ya pili, Mama Kari."

"Inanuka."

"Hata ya kwanza inanuka ukipika kabichi."

LaDonna alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe mnadani. "Masharti yangu matatu," akasema, "na sirudii. La kwanza, nisisikie harufu ya samaki. La pili, kitanda kisimame kwa miguu yake, sitaki kuona mnyororo hata wa saa, na niweze kushuka bila kukuruka wewe kama mbuzi anayeruka ua. La tatu, jikoni nipike lefse kwa kikaango changu kile kikubwa. Mjukuu wangu hatabatizwa bila lefse."

"Na nikiyatimiza yote matatu, utalala?"

"Nitaliangalia."

"Nimeuliza kulala."

"Na mimi nimejibu kuangalia. Wifi, leta bakuli langu."

Basi Verlyn akaingia gerejini kwa furaha ya mtu aliyeahidiwa mbingu. Alianza na sakafu. Alitandika mbao nyembamba za plaiwudi juu ya bati, akazikaza kwa skrubu, akazipiga msasa mpaka unaweza kuweka shavu. Kazi safi. Alasiri moja aliniomba nimshikie taa. Akapiga magoti na msumeno wa umeme, akawa anaimba ile besi yake, na msumeno ukawa unazunguka. Kipande cha mviringo, kipana kama sahani ya kulia, kikaanguka chini. Akasogea hatua moja, akakata cha pili, pembeni ya pale ambapo kitanda kingekaa. Kikaanguka nacho. Tukainama wote wawili kuangalia.

Tukaona simenti ya gereji.

Nataka niseme ukweli wote. Mimi nilishika taa tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikuona kosa lolote. Nimekulia kwenye vibanda. Sakafu ikishawekwa, yanafuata matundu, ndivyo nijuavyo.

"Verlyn," nikasema. "Hili ni gari."

"Najua ni gari."

"Utavua nini barabarani?"

Alikaa kwenye visigino vyake, akayatazama yale matundu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa unyonge, "Lakini yamekaa vizuri, si ndiyo? Umbali uko sawasawa."

Kabla hatujajua la kufanya, jirani yao Duane, fundi bomba mwenye mdomo mrefu, akachungulia mlangoni. Alitazama chini, akavua kofia. "Mzee," akasema, "ukivuka Dakota kwenda Montana nitumie picha ya samaki." Akaondoka akicheka, na ndiyo maana kabla ya chakula cha jioni LaDonna alikuwa ameshafika gerejini.

"Verlyn Tveit. Ni matundu hayo?"

"Ni ya kutolea maji ya vyombo."

"Yote mawili?"

"Moja la maji. Lingine... la hewa."

"La hewa." LaDonna alivuta pumzi. "Haya. Kesho nitakuletea viatu vyangu vyote uchague wewe mwenyewe kipi kizame."

Lile la hewa lilizibwa kwa bati siku ileile. Lile la maji lilibaki, akalitengenezea kifuniko cha mbao chenye mshikio, na chini yake akaning'iniza ndoo. Duane mwenyewe alifunga bomba la sinki, bila kuacha kuuliza hali ya uvuvi.

Kikafuata kitanda. Hapo ikabidi nishirikishwe katika dhambi. Verlyn alitaka kujua ni nafasi kiasi gani LaDonna anahitaji ili apite kati ya kitanda na kabati la jikoni. Kumuuliza mke wake upana hakuthubutu. Kwa hiyo Jumapili, mahubiri yakiendelea, mimi nilimsogelea LaDonna kwenye benchi na kumpitishia uzi wa sufu nyuma ya mgongo, polepole, kutoka nyonga hadi nyonga. Nilifikiri amesinzia.

"Wifi," akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Unanipimia gauni au jeneza?"

"Gauni," nikasema.

Nilidanganya kanisani, mchungaji akiwa mimbarini. Nilitubu palepale. Kisha nikarudi nyumbani nikatafuta kitambaa cha buluu nikaanza kushona, maana kutubu peke yake hakumvishi mtu.

Kitanda kilikuwa kizuri. Kilikuwa na miguu minne ya mbao ngumu, chaga kumi na mbili, droo mbili chini za mablanketi, na upande wa LaDonna ulikuwa wa mlangoni, Verlyn akajiweka ukutani. Hakuna mnyororo. Aliuweka mmoja tu, karibu na dirisha, wa kutundikia taulo, lakini nilimwona siku ya pili akiutoa mwenyewe bila kuambiwa.

Jikoni ndiko alikoweka moyo wake. Alipima kile kikaango cha lefse, ambacho ni kipana kama usukani wa lori, akakata tundu la mviringo kwenye meza ya jikoni ili kikaango kikae humo, chini yake jiko la gesi. "Unaona?" aliniambia. "Mkono uliozoea kukata matundu haupotei bure." Kushoto aliweka sinki na dumu la maji, kulia droo tano za vijiko, unga, vikombe, sukari na kahawa. Juu palikuwa na rafu ya sufuria. Alipaka kila kitu vanishi mara tatu.

Mwezi wa saba tukalijaribu barabarani, yeye na mimi mbele, jikoni kukiwa kumejaa vitu vyote kama safari ya kweli. Tulikwenda vizuri maili mbili, barabara imenyooka, Verlyn anaimba. Tukafika kwenye kona ya kiwanda cha maziwa. Akakata kushoto. Nyuma yetu nikasikia droo ya kwanza ikitoka. Kisha ya pili. Kisha zote zilizobaki, kwa zamu, kama watu wanaoinuka kwenda kumpokea askofu.

"Nini hicho?" akauliza.

"Jikoni kwako kunakuja mbele, kaka."

Kikombe kilinipita sikioni. Unga ulifika baadaye kidogo, kwa sababu ni mwepesi. Aliposimamisha gari tulikuwa weupe kama malaika, na yeye alikuwa na kijiko ndani ya kola. Alikitoa akakitazama.

"Komeo," akasema. "Sikuweka komeo."

Mtu asimcheke sana. Kibanda cha barafuni hakikati kona. Kinaburutwa moja kwa moja mpaka katikati ya ziwa, kinakaa hapo mpaka mwezi wa tatu. Katika vibanda kumi na tisa hakuna droo iliyowahi kuhitaji komeo. Wiki ile aliweka kumi, mawili kwa kila droo, na la kumi na moja akaliweka kwenye kopo la sukari.

Harufu ilikuwa vita vya mwisho. Aliosha kwa siki, aliosha kwa magadi. Aliacha milango wazi mwezi mzima mpaka ndege wakajenga ndani. Jua likiwaka, dagaa wale waliokufa miaka mingi walifufuka wote. Mwishowe alianza kuja chini ya kanisa kila Jumapili na kuchukua machicha ya kahawa, ambayo kwetu hayaishi, akayamwaga kwenye makopo na kuyapanga kila pembe ya gari. Baada ya wiki sita akamwita Duane anuse. Duane aliingiza kichwa, akafumba macho.

"Kuna mabadiliko," akasema. "Zamani walikuwa dagaa tu. Sasa ni dagaa waliookoka."

Jumamosi ya kabla ya kifo cha Verlyn, LaDonna alikuja kuliangalia. Alitoka nyumbani amevaa aproni na sapatu zake za nyumbani, chini ya kwapa amebeba kikaango, mkononi ule ubao mwembamba mrefu wa kugeuzia lefse. Mimi nilisimama nje dirishani. Duane aliegemea ua. Verlyn alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

LaDonna alinusa. Akanusa tena. "Kahawa," akasema.

"Kahawa tupu," Verlyn akasema haraka.

Alivuta kila droo, akajaribu kila komeo. Akapita kati ya kitanda na kabati, akapita tena kwa kurudi, akashangaa jinsi nafasi ilivyomtosha. Akanitupia jicho dirishani na mimi nikatazama mawingu. Kisha akaweka kikaango kwenye tundu lake, kikaingia kama kifuniko kwenye chungu, akawasha gesi.

Lefse ya kwanza iligandamana. Verlyn alifunga macho. Ya pili ikatoka, nyembamba, ina madoadoa ya kahawia mahali panapotakiwa. Ya tatu, ya nne. LaDonna alikuwa anasukuma, anageuza, anapanga. Duane alikula moja kupitia dirishani. Tulifika ya kumi na nne. LaDonna akarudi nyuma hatua moja ili apate nafasi ya kugeuza, na Verlyn, aliyekuwa amemwaga maji ya vyombo kwenye tundu la sakafuni, hakuwa amerudisha kifuniko.

Sapatu ya mguu wa kulia ilipotea.

LaDonna alisimama kwa mguu mmoja, ubao wa lefse mkononi, akatazama lile tundu. Kwa ule uso nilijua yuko wapi. Alikuwa ziwani, na miaka arobaini na sita haikuwa imepita hata siku moja.

Verlyn aliinuka, akatoka nje, akanipita bila kuniangalia, akalala kifudifudi kwenye kokoto. Mzee wa miaka sabini na mmoja akaingia chini ya gari kwa kutambaa. Tulisikia ndoo ikipinduka. Kisha kwenye tundu ukatokeza mkono, umelowa maji ya vyombo mpaka kwenye kiwiko, umeshika sapatu.

"Mama Kari," sauti ikasema kutoka chini. "Kiatu chako."

LaDonna akautazama ule mkono.

"Samahani," sauti ikaendelea. "Kimechelewa."

Nilidhani LaDonna analia, mpaka nilipoona uso wake. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka ubao wa lefse ukamtoka mkononi, mpaka ikabidi akae, na mahali pa kukaa palikuwa kitandani. Alikaa kwa uzito wake wote. Kitanda hakikushuka. Aliliona hilo. Akaacha kucheka, akajirusha kidogo, mara moja, kujaribu.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa nini?" mkono ukauliza.

"Ijumaa nitalala. Toka huko kabla sijabadilisha nia."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kutoka. Ovaroli imenasa."

Duane alimvuta kwa miguu.

Kaka yangu alipata siku tano za furaha kamili. Alizunguka mji mzima akitoa taarifa. Alimwambia kinyozi, alimwambia mwenye duka la vifaa, alimwambia Mchungaji Kirsten kwenye mlango wa kanisa huku watu wamejipanga nyuma yake. Jumatatu LaDonna alinipigia simu amekasirika. "Wifi, kaka yako ana akili? Nimekwenda kununua maziwa, mama mzima ananishika mkono ananiambia hongera, nasikia Ijumaa unalala. Amenitangaza kama ibada ya Krismasi!" Lakini alikuwa ameshafua shuka mpya. Na Alhamisi, kama nilivyosema, Verlyn alikwenda kukipasha kitanda moto.

Mazishi yalikuwa Jumatatu iliyofuata. Kari alikuja kwa ndege na mtoto. LaDonna alivaa lile gauni la buluu, na vipimo vilikuwa sawasawa, Mungu anisamehe. Alisema gari halitabaki uani peke yake, kwa hiyo niliendesha mimi, tukaliegesha nyuma ya kanisa. Ibada ilikuwa nzuri. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili na kaburi likajaa maji, ikabidi Duane akalete pampu yake. Mchungaji akatangaza kwamba tutakula kwanza, tutazika baadaye. Tukashuka chini, kwenye mikate ya nyama na jeli ya kijani na zile lefse tulizozisukuma Alhamisi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kufanya karamu ya mavuno.

Nilipogeuka kumjazia LaDonna kahawa, kiti kilikuwa kitupu. Sikuuliza mtu. Nilipanda ngazi nikaenda nyuma ya kanisa. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimepangwa kwenye ngazi ya gari. Nilichungulia. Alikuwa amelala ubavu, upande wake wa mlangoni, amejifunika blanketi mpaka shingoni, anakoroma kidogo. Upande wa ukutani aliuacha wazi.

Nilikaa kwenye ile ngazi, pembeni ya viatu. Baada ya muda Duane akaja, ana matope mpaka magotini.

"Tayari," akasema. "Kumekauka. Mama yuko wapi?"

Nikaweka kidole mdomoni mwangu. Akatazama ndani. Alivua kofia, akaikumbatia kifuani.

"Mwambie Mchungaji asubiri," nikasema.

Na mazishi yakasubiri. Watu mia moja na ishirini walikunywa kikombe cha tatu, kisha cha nne. Mchungaji Kirsten alikaa chini na kitabu chake mapajani, wala hakumtuma mtu. Saa tisa kasoro dakika kumi kitanda kikalia, na LaDonna akasema nyuma yangu, "Nimelala kiasi gani?"

"Saa nzima na zaidi, wifi. Watu wanakusubiri."

"Wangoje. Yeye amengoja miaka arobaini na sita." Akatoa miguu nje, akakaa mlangoni, nywele zimesimama upande mmoja. "Godoro zuri," akasema. "Chaga ya tatu inalia. Na ile kahawa ni uongo mtupu, kichwa kikiwa kwenye mto dagaa wote wapo. Alinidanganya."

"Alikudanganya," nikakubali.

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, tumeshikana kwenye ile ngazi. Alipomaliza alipenga kamasi kwa kitambaa cha vyombo cha Verlyn. "Nimezungumza na Kari," akasema. "Ubatizo umesogezwa wiki mbili. Tunakwenda, wifi. Utaendesha wewe, na utalala ukutani."

"Mimi nalala ukutani?"

"Siwezi kukuruka kama mbuzi."

Alivaa viatu vyake vyeusi, akachukua kitu chini ya kitanda akakitia kwenye mkoba, tukaenda kuwaita watu.

Makaburi yetu yako kando ya kanisa, si mbali. Wanaume sita walibeba jeneza. Ardhi ilikuwa inateleza, wakaenda polepole. Mchungaji alisoma sala, tukaitikia, na Verlyn akashushwa kwa kamba. LaDonna alisogea mpaka ukingoni, mimi nimemshika mkono. Akafungua mkoba akatoa ile sapatu ya mguu wa kulia, akaiachia. Ilianguka juu ya jeneza bila sauti kubwa.

"Nitakuja kuichukua mwenyewe," alisema.

Kari alitupa udongo, nikatupa mimi, wakafuata wengine. Tuliimba beti mbili, na hakukuwa na mtu wa kuiharibu besi. Tukasali sala ya Bwana. Mchungaji akatubariki. Duane na wenzake wakashika majembe, na sisi tukasimama mpaka walipomaliza.